Jeni za ngege: Hazina ya Ziwa Victoria iliyosalia kinamasini Yala

UKITOKA mjini Kisumu kwa barabara ielekeayo Busia, baada ya kuupita uwanja wa ndege utafika katika soko la Otonglo. Upande wa kusini ardhi inateremka taratibu hadi Ghuba ya Winam, na samaki wauzwao hapa huletwa kutoka fuo za karibu kama vile Usoma na Ogal. Ukiulizia ngege, utaonyeshwa samaki mpana mwenye mistari iliyosimama katika pezi la mkia. Muuzaji hakudanganyi, kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo karibu kila mtu humwita samaki huyo siku hizi. Hata hivyo, samaki huyo siye ngege waliyemvua babu zetu.

Huyo ni tilapia wa Nile, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis niloticus na majirani zetu wa Tanzania humwita sato. Aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950. Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, na jina lake limerithiwa na mgeni. Hali ni hiyo hiyo kwa nduguye mbiru, Oreochromis variabilis, ambaye vijana wengi wa pwani ya ziwa wamelisikia jina lake bila kumwona. Mwaka 2006, Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, uliwaorodhesha wote wawili katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa ya kuangamia.

Swali ambalo limewashughulisha watafiti kwa zaidi ya miaka 30 ni hili: je, ngege halisi wamebaki wapi? Swali la pili ni gumu zaidi: tutajuaje kwamba tuliyemshika mkononi ni ngege halisi na si chotara? Jibu la swali hilo halipatikani kwa macho wala kwa rula. Linapatikana ndani ya jeni.

Samaki aliyeulisha ukanda mzima

Ngege alikuwa nguzo ya uvuvi wa ziwa hili kabla ya mbuta kufahamika. Alikula mimea midogo mno ielayo majini, na jike alibeba mayai na makinda mdomoni hadi yalipoweza kujitegemea. Wavuvi walimnasa kwa mitego ya mafunjo na kwa kokoro za asili. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 soko lilipanuka ghafla, na mwaka 1905 nyavu za kisasa, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, zikaanza kutumika katika Ghuba ya Winam.

Haukupita muda mrefu kabla ya malalamiko ya upungufu kusikika. Serikali ya kikoloni ilimtuma Mwingereza Michael Graham, aliyelikagua ziwa zima miaka ya 1927 na 1928. Ndiye aliyemwandika ngege kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi, mwaka 1928, akampa jina esculentus, yaani afaaye kuliwa. Alipendekeza pia nyavu zenye matundu yasiyopungua inchi 5. Sheria hiyo ilipolegezwa baadaye, nyavu za matundu madogo zikawamaliza samaki wachanga.

Suluhisho lililobuniwa miaka ya 1950 ndilo lililozaa tatizo tunalolijadili. Aina kadhaa za tilapia wa kigeni zilimwagwa ziwani ili kufidia pengo: tilapia wa Nile, Oreochromis leucostictus, na yule aliyejulikana wakati huo kama Tilapia zillii. Katika kipindi hicho hicho mbuta naye akaingizwa. Wengi wetu humlaumu mbuta kwa kila balaa lililolifika ziwa hili, na ni kweli kwamba kulipuka kwa idadi yake miaka ya 1980 kuliambatana na kutoweka kwa karibu aina 200 za fulu. Lakini kwa upande wa ngege, jamaa zake wa karibu walimdhuru kwa njia isiyoonekana. Tilapia wa Nile hula karibu kila kitu, hukua haraka na huzaa kwa wingi. Isitoshe, anaweza kuzaana na ngege.

Kizazi cha kwanza cha chotara huishi, na mara nyingi kinaweza kuzaa tena na mmoja wa wazazi wake. Vizazi vichache vikipita, samaki anaweza kuonekana ngege kabisa ilhali sehemu ya urithi wake ni ya mgeni. Katika hali kama hiyo aina nzima inaweza kupotea bila hata samaki mmoja kufa kifo cha ajabu.

Jinsi jeni zinavyosomwa

Kazi huanza kwa hatua nyepesi. Samaki hushikwa, kipande kidogo cha pezi hukatwa na kutumbukizwa katika kichupa chenye alkoholi, kisha samaki anaweza kurudishwa majini akiwa hai. Katika maabara, DNA hutolewa kwenye kipande hicho, sehemu maalumu hunakiliwa mara mamilioni kwa mashine, na mpangilio wake husomwa na kulinganishwa na wa samaki wengine.

Watafiti hutazama sehemu mbili hasa. Ya kwanza ni DNA ya mitokondria, vile vinu vidogo vinavyoipa chembe ya mwili nguvu. Urithi huu hupitia kwa mama pekee, kwa hivyo ni mithili ya jina la ukoo ambalo watoto wote hulichukua kwa mama na ambalo mabinti tu huliendeleza. Hufaa sana kwa kufuatilia nasaba ya kale. Upungufu wake ni kwamba haumtaji baba hata kidogo. Ndiyo sababu hutazamwa pia DNA iliyo katika kiini cha chembe, hasa vipande viitwavyo mikrosatelaiti, ambapo herufi chache za urithi hurudiwa-rudiwa na idadi ya marudio hutofautiana kati ya jamii na jamii. Miaka ya karibuni imewezekana kusoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya urithi wa kiumbe, kwa gharama ambayo watafiti wa miaka ya 1990 wangeiona kuwa ndoto.

Kutokana na vipimo hivyo, mtafiti hupata mambo mawili ambayo msimamizi wa hifadhi anayahitaji. La kwanza ni utambulisho: huyu ni nani, na je, amechanganyika? La pili ni utofauti: samaki wa ziwa fulani wanafanana kiasi gani? Jamii ambayo wote wanafanana mno ni jamii dhaifu. Ugonjwa mmoja mpya au badiliko moja la maji linaweza kuwafyeka wote, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyerithi kinga tofauti.

Kanyaboli, ziwa lililosahauliwa

Barabara ya kutoka Otonglo hufika Kisian, iliko Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini, KEMRI, na hapo hugawanyika. Tawi moja huelekea Bondo, jingine hupanda hadi Maseno na kuendelea Busia. Kati ya njia hizo mbili, mto Yala unapokaribia kumwaga maji yake ziwani, kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo. Ndani yake mna maziwa madogo ambayo hayatajwi sana katika vitabu vya shule: Kanyaboli, Sare na Namboyo. Kanyaboli, lililo kubwa kuliko mengine, lina ukubwa wa kilomita mraba 10 hivi na kina cha mita chache tu.

Mafunjo hayo ni ngome. Maji yaliyo chini yake yana oksijeni haba, na mbuta, ambaye huhitaji oksijeni nyingi, hawezi kuyapenya. Samaki wa asili waliozoea hali hiyo walipata kimbilio humo wakati wenzao wa ziwa kuu walipokuwa wakiliwa.

Wakazi wa Alego hawakuhitaji mtaalamu kuwaambia kwamba ngege wapo Kanyaboli. Walikuwa wakiwavua na kuwala siku zote. Kilichokosekana ni uthibitisho kwamba ngege hao walikuwa safi. Uthibitisho huo ulitolewa mwaka 1999, wakati Jean-François Agnèse na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kenya, walipochapisha matokeo ya uchunguzi wa jeni za samaki wa ziwa hilo. Walimtaja ngege wa Kanyaboli kuwa ni masalia safi ya aina iliyo hatarini.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, Romulus Abila akishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, aligeukia samaki mwingine wa Kanyaboli asiye na bei sokoni. Ni fulu aitwaye Xystichromis phytophagus, mla mimea. Samaki 205 walichunguzwa, na kati yao zilipatikana nasaba 11 tofauti za DNA ya mitokondria. Mtu anaweza kudhani kwamba 11 ni idadi ndogo. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba katika mamia ya fulu wa aina zote waliokuwa wamechunguzwa kutoka Ziwa Victoria kwa jumla, nasaba zilizojulikana zilikuwa 54. Aina moja tu, katika kijiziwa kimoja, ilibeba 11, na nyingi kati ya hizo hazikuonekana kabisa katika ziwa kuu.

Maana yake ni nzito. Kanyaboli ni zaidi ya kidimbwi kilichobakiwa na samaki wachache kwa bahati njema. Ni ghala la urithi ambao ziwa kuu limeupoteza, na huenda lilitumika hivyo hivyo zamani za kale. Wanajiolojia wanakubaliana kwamba Ziwa Victoria lilikauka kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, kabla ya kujaa tena. Iwapo viumbe fulani walisalimika katika vinamasi na mito ya pembezoni wakati wa ukame huo, basi Yala imewahi kulijaza ziwa mara moja.

Mwaka 2011 uchunguzi mwingine ulichapishwa, ukiongozwa na Paul Angienda na kuwashirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno. Safari hii ngege wa maziwa ya Yala walilinganishwa moja kwa moja na tilapia wa Nile kwa kutumia mitokondria na mikrosatelaiti pamoja. Ngege walionekana kuwa bado na utofauti wa kuridhisha, jambo la kutia moyo. Lakini zilikuwepo pia dalili za jeni kupita baina ya aina hizo mbili. Ziwa Sare, ambalo maji yake yamefungamana na ya Ziwa Victoria, liko wazi kwa mgeni kuliko Kanyaboli ambalo limetengwa kwa ukingo wa udongo.

Somo kutoka Baringo

Anayedhani kwamba macho yanatosha kumtambua samaki na atazame yaliyopatikana Ziwa Baringo. Mwaka 2007 Dorothy Nyingi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na Agnèse walionyesha kwamba tilapia wa Baringo, ambao kwa umbo na kwa DNA ya kiini ni tilapia wa Nile, walikuwa wamebeba mitokondria ya Oreochromis leucostictus. Kwa maneno mengine, mama mgeni aliwahi kuingia katika ukoo huo, vizazi vikafuta sura yake na jeni zake zote za kiini, na kilichobaki ni lile jina la ukoo la upande wa mama. Kama wangepima kiini peke yake wasingegundua lolote. Kama wangepima mitokondria peke yake wangedhani wameshika samaki wa aina nyingine.

Mwaka 2009 Nyingi na wenzake walieleza habari za tilapia wa kinamasi cha Loboi, karibu na Ziwa Bogoria, jamii ya asili ambayo haikuwa imejulikana kwa sayansi na ambayo huishi karibu na chemchemi za maji moto. Samaki anayestahimili joto ni mali kubwa kwa ufugaji katika dunia inayozidi kupata joto. Mwaka 2014 watafiti walirejea na onyo kwamba hazina hiyo ilikuwa ikitishiwa na ufugaji wa samaki uliokuwa umeanzishwa katika eneo hilo hilo, kwa sababu samaki wa vidimbwini hutoroka na kuchanganyika na wa porini. Tukio hili linafaa kusomwa na kila kaunti inayogawa vifaranga vya samaki kwa wakulima.

Vifaranga vinatoka wapi?

Ufugaji wa samaki ulipata msukumo mkubwa mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi uliolenga kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 ya awali. Vilihitajika vifaranga mamilioni kwa mpigo, na vituo vya kuzalisha vilikuwa vichache. Katika hali ya pupa kama hiyo, mara nyingi hakuna anayeuliza kizazi cha samaki. Baadaye vikaja vizimba vinavyoelea ziwani, ambavyo leo huonekana kutoka fuo nyingi za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori.

Mfugaji wa Otonglo anayechimba kidimbwi nyuma ya nyumba ana swali moja tu: je, samaki watafikia uzito wa kuuza katika muda wa miezi 8 au hawatafikia? Ni swali halali, na utafiti wa jeni unamhusu kuliko anavyodhani. Kituo cha vifaranga kinachotumia wazazi wale wale mwaka baada ya mwaka huzalisha ndugu waliooana. Watoto wao hudumaa, na mfugaji hulaumu chakula. Vivyo hivyo, wazazi waliochanganyika na aina ndogo kama leucostictus huzaa samaki wanaokomaa na kuanza kuzaa wangali wadogo, hadi kidimbwi kinajaa vijisamaki visivyouzika. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini, KMFRI, imekuwa ikiendesha katika kituo chake cha Sagana mpango wa kuwachagua wazazi bora wa tilapia wa Nile kizazi hadi kizazi. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila kumbukumbu za nasaba na vipimo vya jeni.

Hapo ndipo mahitaji mawili yanapogongana. Mfugaji anamtaka samaki aliyeboreshwa. Mhifadhi anamwogopa samaki huyo huyo akitoroka. Uzio wa kidimbwi hubomoka mvua kubwa inaponyesha, nacho kizimba hutobolewa na dhoruba. Baadhi ya wataalamu hupendekeza ufugaji wa madume matupu ili anayetoroka asikutane na jike wa kwao. Lakini dume la tilapia wa Nile halihitaji jike wa kwao. Jike wa ngege anamtosha. Kwa maoni ya mwandishi huyu, njia pekee ya kuaminika ni kutenga maeneo. Ziwa kuu limekwisha kuwa la tilapia wa Nile na hakuna sheria itakayomwondoa. Bonde la Yala, kinyume chake, halistahili kupewa hata kifaranga mmoja wa aina hiyo.

Kuchanganyika si dhambi daima

Msomaji asije akafikiri kwamba maumbile huchukia uchotara. Mwaka 2017 kundi la watafiti, miongoni mwao Joana Meier na Ole Seehausen, lilichapisha uchunguzi wa jenomu za fulu uliobainisha kwamba mamia ya aina za fulu wa ukanda huu yalichipuka kutokana na mchanganyiko wa kale wa koo mbili, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa upande wa Nile, uliotokea kiasi cha miaka 150,000 iliyopita. Mchanganyiko huo ulitoa malighafi nyingi za urithi, na maji yalipokuwa maangavu, kila kundi likajitenga kwa rangi na kwa chakula.

Neno muhimu hapo ni maangavu. Seehausen na wenzake walikuwa wameonyesha mapema, mwaka 1997, kwamba fulu jike humchagua mwenzi kwa rangi yake. Maji yakichafuka, rangi hazionekani, majike hukosea, na aina zilizokuwa mbali huanza kuungana. Kwa hivyo mbolea itiririkayo kutoka mashambani na maji taka ya miji ya pwani ya ziwa huua aina za samaki bila kuua samaki. Yeyote aliyeyaona maji ya kijani ya Ghuba ya Winam msimu wa joto anafahamu tatizo lilivyo. Tofauti kati ya mchanganyiko wa kale na wa sasa ni kwamba ule ulifuatwa na maelfu ya miaka ya mazingira mapya yaliyo tupu, na huu unafuatwa na wavu.

Nchi kavu nako

Mbinu hizi hazikuanzia kwa samaki wala hazikomei kwao. Kusini mwa ghuba, katika bonde la Lambwe, kuna Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, iliyotengwa kuwa hifadhi mwaka 1966 na kupandishwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1983. Hiyo ndiyo makao ya mwisho nchini ya korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, ambaye idadi yake imeshuka hadi chini ya 20. Kundi dogo kiasi hicho haliepuki kuoana ndugu kwa ndugu. Wazo la kuleta damu mpya kutoka nje hujitokeza lenyewe, na ndipo jeni zinapotoa tahadhari. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba korongo wa Afrika Magharibi wametengana kwa urithi na wale wa mashariki na kusini, na kwamba hawafai kuchanganywa ovyo. Anayetafuta korongo wa kuongeza Ruma hana budi kujua anaagiza wa ukoo gani.

Twiga wa Ruma wana kisa chao. Hao ni wale waitwao twiga wa Rothschild, ambao kwa miaka mingi walihesabiwa kama kabila tu la aina moja ya twiga. Uchunguzi wa DNA uliotangazwa mwaka 2016 ulidai kwamba twiga ni aina nne, na mwaka 2025 IUCN iliukubali mgawanyo huo. Kenya ina tatu kati ya hizo nne, na twiga wa Ruma wamo katika ile ya kaskazini. Kwa hivyo kumhamishia twiga wa Kimasai katika mbuga yenye twiga wa kaskazini, jambo ambalo zamani lingeonekana kuwa kazi ya lori tu, sasa ni kosa la usimamizi.

Katika vita dhidi ya ujangili pia, DNA imekuwa shahidi. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alikusanya sampuli za ndovu, nyingi zikiwa ni za kinyesi, akachora ramani ya jeni za ndovu barani Afrika. Pembe iliyonaswa bandarini hulinganishwa na ramani hiyo ili kujua ilikotoka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba shehena nyingi kubwa zilitokana na maeneo machache tu, mojawapo likiwa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka huo huo wa 2015 Shirika la Huduma za Wanyamapori nchini, KWS, lilifungua maabara yake ya jeni na uchunguzi wa uhalifu jijini Nairobi. Kabla ya hapo, mshukiwa aliyekamatwa na nyama iliyokaushwa angeweza kudai mahakamani kwamba ni ya ng'ombe, na hakimu akakosa namna ya kumpinga.

Jeni ni mali ya nani?

Lipo suala moja ambalo wanasayansi hawapendi kuliongelea. Sampuli nyingi zilizotajwa katika makala haya zilisomwa ng'ambo. Kipande cha pezi kikisafirishwa hadi Ulaya, habari zilizomo huweza kutumiwa kwa faida ambayo mvuvi wa Alego hataiona. Kenya ilipata funzo chungu Ziwa Bogoria, ambapo vijidudu vilivyochukuliwa kwenye maji yake miaka ya 1990 vilitoa vimeng'enya vilivyoingizwa katika viwanda vya nguo na sabuni za nje, na mwaka 2004 KWS ikajitokeza kulalamika kwamba hapakuwa na idhini yake.

Tangu mwaka 2006 Kenya ina kanuni zinazomtaka mtafiti apate kibali cha Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, kabla ya kuchukua rasilmali za jeni, na Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010, ilianza kutekelezwa duniani mwezi Oktoba 2014. Kanuni hizo zimewakera watafiti wengi, wa humu nchini wakiwemo, kwa urasimu wake. Hata hivyo, ni afadhali kibali kinachochelewa kuliko hazina inayoondoka ndani ya kichupa.

Yala ya leo

Kinamasi cha Yala hakijapata utulivu. Sehemu yake ilikaushwa kwa ajili ya kilimo tangu miaka ya 1960. Mwaka 2003 kampuni ya Kimarekani ya Dominion Farms ilikodi sehemu kubwa kwa kilimo cha mpunga na pia ikafuga samaki, kabla ya kufunga shughuli zake mwaka 2017. Mwaka 2010 Ziwa Kanyaboli lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kitaifa. Tangazo hilo liliungwa mkono na ushahidi wa aina uliosimuliwa hapa, lakini mvutano juu ya ardhi inayolizunguka ziwa hilo umeendelea, na wakazi wanaohitaji mashamba, mafunjo ya kusukia mikeka na samaki wa kitoweo wana hoja ambazo maabara haiwezi kuzijibu.

Maji nayo yamebadilika. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, Ziwa Victoria lilipanda hadi viwango ambavyo havikuwa vimeshuhudiwa katika kumbukumbu za zaidi ya karne moja, na vijiji vya Bunyala na fuo za Kisumu vikafurika. Mafuriko hayachagui anachokibeba. Kati ya tilapia wa Nile aliye ziwani na ngege aliye Kanyaboli pana vitu viwili: mafunjo, ambayo hukatwa na kuchomwa kila kiangazi, na ule ukingo wa udongo. Kwa sasa, njia ya kujua iwapo mgeni amekwishavuka ni kurudi na vile vichupa vya alkoholi, kuvua samaki kadhaa katika kila upande wa ziwa, na kukata mapezi upya.